Jiko la Mlango Mmoja

Rumonge, Mfungo Mosi

Kwa dada yangu Mwanaidi binti Hamisi, uliyenilea baada ya mama, huko Ujiji.

Pokea salamu za mdogo wako na heshima yake yote. Naomba barua hii ikukute umesimama, na kifua kimepoa. Unijibu habari za kifua kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, maana nahodha aliyeleta barua yako alisema ulikohoa ulipokuwa ukimkabidhi, na alisema bila kuulizwa. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Watoto wanakula, Sakina ana nguvu zake zilezile, Mwajuma anatembea. Mimi ndiye niliyeharibika. Ukiona mwandiko umepinda usidhani ni uzee: vidole viwili vya mkono wa kulia vimefungwa vijiti, na kalamu naishika kama mtoto anavyoshika mwiko. Meno mawili ya mbele hayapo. Kiganja cha kushoto kina kovu la moto. Yote matatu, dada, yametoka katika jambo lile tunalogombania mimi na wewe kwa barua tangu mvua za kwanza: jiko langu likae wapi na liwe na milango mingapi.

Unajua nyumba yangu inalisha watu kumi na wanne: wake zangu wawili Sakina na Mwajuma, watoto saba, mimi mwenyewe, na wavuvi wanne wa mtumbwi wangu ambao hawana wake hapa. Jiko la zamani lilikuwa banda wazi mbele ya nyumba, nguzo nne na paa la nyasi. Tulipolijenga hapakuwa na njia pale. Upepo wa ziwa ukiamka mchana ulichukua moshi wote, na wanawake walipika huku wakiona mitumbwi inarudi, pembeni mwa nyumba. Halafu Wadachi wakataka barabara. Tukaitwa na majembe, tukailima sisi wenyewe bila ujira, na walipoikunja ikapita hatua sita kutoka kwenye vyungu vyetu. Wapo watu hapa wanaokaa barazani wakisema Wadachi wameleta utulivu. Mimi nawaambia waje waketi jikoni kwangu saa sita mchana, waone utulivu huo ukifunua kifuniko cha chungu.

Siku moja walipita askari na mizigo. Ombasha anayewaongoza ni mtu wa pwani, anasali, ana jina la Kiislamu. Akaingia bandani na bunduki begani.

"Kuna nini humo?"

"Maharage ya watoto," Sakina akasema.

"Watoto wako wangapi?"

"Kumi na wanne, na wewe si mmoja wao."

Akakipiga chungu teke. Sakina alikuwa upande wa pili wa moto. Aliyekuwa upande wa askari ni Mwajuma, amechuchumaa anapepeta samaki wa ndagala, na maharage yanayochemka yalimmwagikia mguu wa kushoto kuanzia gotini hadi vidoleni. Ngozi ilitoka na nguo. Mimi nilitoka ndani na kitabu mkononi, unavyonijua, nikaanza kumsomea ombasha amri ya bwana wake mwenyewe kwamba askari asichukue chakula cha raia kwa nguvu. Sikufika mwisho. Alinipiga kitako cha bunduki mdomoni, na hapo ndipo meno yalipobaki.

Nikaandika mashtaka. Kurasa nne, hoja moja juu ya nyingine, kwa Kiswahili ambacho hata karani wa kituo alikisifu. Bwana wa kituo alisomewa zote. Hakujibu hoja hata moja. Aliuliza tu, "Nani aliyeandika?" Nikasema mimi. Nikalazwa chini, nikachapwa viboko hamsa ishirini mbele ya watu ambao nimewasomesha watoto wao.

Basi ndiyo sababu niliamua jiko lijengwe kama boma. Nyuma ya nyumba, upande unaoteremkia ziwani, kuta za udongo juu kuliko kichwa, mafiga yamepangwa ukutani, uchaga wa kukaushia samaki juu yake, mitungi pembeni, na mlango mmoja tu unaotazama uani kwangu. Nilichora kwenye karatasi, nikakuletea. Ukaandika maneno machache: "Mdogo wangu, weka milango miwili." Nami nikakujibu kwa kurasa tatu. Nilisema mlango mmoja unalindwa na mtu mmoja. Nilisema wewe hujawahi kupigana. Niliyaandika hayo, dada, na nayakumbuka neno kwa neno.

Mwajuma, mguu umefungwa majani, aliniuliza swali moja tu. "Mwalimu, wakiingia kwa huo mlango, mimi nitatokea wapi?"

Nikamwambia hawataingia. Baadaye akaomba ruhusa aende Gatete kwa mama yake apone huko, nikampa mwezi mzima.

Alipoondoka nikajenga. Nilijenga kwa hasira, na hasira inajenga haraka. Kazi ilipokwisha nikataka arudi akute kila kitu kiko tayari, nikachukua jembe niyang'oe mafiga ya banda la zamani niyahamishie jiko jipya. Ya Sakina matatu, ya Mwajuma matatu. Sakina akasimama mbele yangu.

"Baba Hawa, yangu sogeza utakavyo, mimi mtu wa Ujiji. Ya mwenzangu usiyaguse naye hayupo. Kwa Warundi, mume aking'oa mafiga ya mke amemfukuza."

Nami nikamjibu kwa sheria. Nikamwambia talaka hutoka ulimini kwa nia, na hakuna kitabu nilichosoma, nami nimesoma vingi kuliko mtu yeyote katika mwambao huu, kinachosema mawe yanaacha mke. Sakina akasema, "Kaka zake hawakusoma hivyo vitabu." Nikayang'oa. Mawe yale mama yake aliyatoa mtoni Gatete siku ya harusi, akayaleta kichwani mwake. Nililijua hilo.

Mpita njia mmoja wa Gatete akaona banda letu, majivu yamefukuliwa na mashimo matatu matupu upande wa Mwajuma. Hakuuliza mtu. Alikwenda akasema.

Siku ya tatu kaka zake wakaja, watatu, na fimbo. Mkubwa wao anaitwa Misago, mtu mpole, tumekula naye mara nyingi. Alisimama uani, akanisalimu kwa Kirundi kama shemeji yake.

"Amahoro, mulamu."

"Amahoro. Karibuni mketi."

"Hatuketi. Dada yetu iko na kosa gani?"

"Hana kosa."

"Umemuchukua akiwa muzima, umemurudisha ameungua mguu, sasa umeng'oa na mafiga. Kama hana kosa, sisi tumekukosea nini?"

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi nikaanza, "Sikiliza, Misago, talaka katika sheria ina masharti yake," na fimbo ya kwanza ikanipata shingoni kabla sijayataja. Nikapiga ngumi, nikampata mdogo wao puani, damu ikatoka, na tangu hapo hapakuwa na mazungumzo. Niligeuka nikakimbia mahali pa karibu. Dada, nilikimbilia jikoni.

Kuta nene, juu kuliko kichwa. Mlango mmoja. Waliingia wote watatu, nami nikarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta nilioukandika kwa mikono yangu. Nilitafuta pa kutokea kama panya ndani ya mtungi. Walinipiga mbavu, walinipiga magoti, nikaanguka na kiganja changu kikaingia kwenye moto wa Sakina, katikati ya mafiga. Nilinusa nyama yangu. Nilipokuwa chini, huku fimbo zinashuka, swali la Mwajuma lilinijia lilivyo, kwa sauti yake.

Sakina ndiye aliyeniokoa. Aliingia na mchi wa kinu, akampiga Misago mkononi, fimbo ikaanguka na kifundo kikavimba palepale. Akawaambia, "Mjinga huyu hajamwacha mtu. Ameyahamisha tu. Tazameni." Akawaonyesha mafiga sita, matatu yake na matatu ya mwenzake, yamepangwa ubavu kwa ubavu. Misago akayatazama, mkono ameushika.

"Ni kweli mjinga," akasema.

Lakini maneno hayo hayakuondoa jambo. Kule Gatete ilikuwa imekwisha kusemwa kwamba Mwajuma ameachwa, na mtu mwingine alikwisha kutuma pombe ya posa kwa mama yake. Misago akanipa neno lao. Mawe yarudi Gatete, niyabebe mwenyewe kichwani, mchana, kwa barabara, moja kila siku. La tatu likifika, Mwajuma ataulizwa. Akikataa, basi. Jiwe lolote lisipofika, basi pia.

Mimi, dada. Watu wananiita mwalimu kutoka hapa hadi Gitaza. Nilikwenda siku ya kwanza na jiwe kichwani, mbavu zinalia, nikawasalimu watu wote walionitazama. Siku ya pili vivyo hivyo. Mama mkwe alilipokea kila jiwe bila kunipa hata maji.

Siku ya tatu ombasha yule alikuwa amekaa barabarani na wenzake wawili.

"Mwalimu, siku hizi umekuwa mpagazi?"

Nikaendelea kutembea. Akasimama, akaniwekea bunduki kifuani.

"Nimekuuliza. Au leo huna amri ya kunisomea?"

Nilikuwa nayo. Nilikuwa na maneno tele mdomoni, naapa, maneno ambayo yangemfuata hadi kaburini. Akanichapa kofi, jiwe likayumba, nikalishika kwa kiganja kilichoungua na kidonda kikafunguka, damu ikateremka mkononi hadi kwenye kiwiko. Nilijua nikifungua mdomo nitalala kituoni na jiwe litabaki barabarani. Nikanyamaza. Akanichapa la pili, wenzake wakacheka, akachoka kumpiga mtu asiyejibu, akaniacha. Umri wangu wote sijawahi kuacha kumjibu mtu. Nikatembea na jiwe hadi Gatete.

Mwajuma alikuwa ameketi nje kwa mama yake. Alitazama jiwe, akaona damu juu yake, akaona shavu langu. Hakuuliza nani.

"Jiko linabomolewa?" akasema.

"Ukuta wa upande wa ziwa."

"Nani atachagua pa kuweka mlango?"

"Wewe."

"Na mafiga?"

"Sitayagusa tena."

Akaingia ndani. Nilisimama pale jua likiniuma, sijui kama nimeulizwa nikashindwa au nikashinda. Alitoka na ngata ya kubebea kichwani. Akachukua jiwe la kwanza mwenyewe, kaka zake wakachukua mawili, Misago kwa mkono mmoja. Nikataka kusaidia. Akaniambia nitembee mbele.

Sasa jiko ni hili, nakueleza ulione. Mafiga ya wake wawili yametengana, ya Sakina kushoto na ya Mwajuma kulia, na katikati njia pana ya kupita watu wawili wamebeba chungu. Mlango wa uani unatazama nyumba. Wa pili unatazama ziwa, unatoka moja kwa moja kwenye matete tunapofunga mtumbwi. Upepo unaingia kwa mmoja unatoka kwa mwingine, na moshi haukai. Mwajuma alilipima lote kwa hatua za ule mguu wake mbaya, alisema kama mguu huo unawahi, wote watawahi.

Juma lililopita ombasha alirudi na askari watano. Nilimwona barabarani, nikajiweka kwenye mlango wa uani, na mara hii, dada, nilibishana. Nilianza na amri ya bwana wake. Nikaenda kwenye Kurani na haki ya jirani. Nikamuuliza baba yake ni nani na kama alimlea kwa chakula cha kunyang'anya. Nilimpa hoja baada ya hoja, polepole, na hakuna hoja niliyokata fupi. Alinipiga, nikainuka nikaendelea nilipoishia. Nyuma yangu sikusikia kitu ila nyayo. Hatimaye akanisukuma akaingia.

Alikuta mioto miwili, mafiga sita, na mlango wa ziwa uko wazi. Vyungu havipo, wanawake hawapo, watoto hawapo. Mtumbwi ulikuwa umeshapita matete.

"Chakula kiko wapi?"

"Kinaliwa," nikasema.

Ndipo akaweka mkono wangu wa kulia kwenye mwimo wa mlango na kuupiga kwa kitako cha bunduki. Alivunja na mitungi yote. Waliporudi jioni walikuwa wameniachia sehemu yangu chini ndani ya chungu. Sikuweza kushika tonge, Mwajuma akanilisha kwa mkono wake na hakusema neno lolote juu ya milango. Sakina alilisema badala yake, hadi watoto wakalala.

Najua ombasha atarudi, na pengine siku moja atatanguliza mtu upande wa ziwa. Wake zangu wamekwisha kulifikiria hilo kabla yangu, nami siulizi wamekubaliana nini.

Nisalimie shemeji, mume wako, na umwambie wavu alionifungia unafanya kazi. Nisalimie shangazi aliyenifundisha herufi, na binamu yetu mshona viatu, na yule mama jirani aliyekuwa akinipa maji nikitoka chuoni nimechapwa. Sakina anawasalimu wazazi wake. Mwajuma hajakuona bado, lakini anakuita dada, na anasema ana swali lake kwako ambalo hataki nimwandikie mimi.

Na zile kurasa tatu nilizokuletea juu ya mlango mmoja, usizitunze pamoja na barua zangu nyingine. Karatasi ile ni kavu. Washia moto.

Mimi mdogo wako,
Selemani bin Hamisi