Siku Saba za Kujaribu Spika

Jumatano, 9 Julai

Nimempima tena Baba. Amekaa mkekani, mgongo ukutani, kama anavyokaa kila akimaliza kushona. Kutoka sakafuni hadi sikioni: sentimita sabini na mbili. Aliuliza kama nataka kumshonea sikio kanzu. Sikucheka. Hili ni jambo kubwa kwangu.

Sababu ya kupima ni hii. Wote ninaowasoma kwenye simu ya Mama wanasema twita, kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio. Lakini wao wanakaa kwenye makochi. Sisi tunakaa chini. Spika ya sentimita mia na tano itapitisha fidla zote juu ya kichwa cha Baba, ziende kumwimbia mjusi darini.

Baba ameshona miaka ishirini na redio ndogo ya dirishani. Anataka kusikia taarabu yake kwa spika za kusimama, mbili, kushoto na kulia. Ampulifaya, ile mashine ya kukuza sauti, ipo, ya marehemu babu. Haina nguvu nyingi. Pesa ni ile ya sare za shule alizoshona Januari, basi. Ameniambia nichague mimi. Hakumwambia kaka Shafii, ambaye ni mkubwa na anajua kuongea. Mpaka sasa kitu kikubwa nilichowahi kuachiwa nichague ni nazi sokoni.

Kaka Shafii anataka sabufa jipya la dukani hapa Kilindoni. Lina taa zinazocheza.

Ijumaa, 11 Julai

Nimechagua. Mitumba, kutoka kwa muuzaji wa Kariakoo. Rangi ya kahawia, mbao kweli, fupi kuliko nyingine alizonazo. Twita iko sentimita sabini na tano. Zinatoa sauti ya kutosha kwa umeme mdogo, kwa hiyo ampulifaya ya babu itaziweza. Kulikuwa na nyeusi ndefu, nzuri zaidi kwa macho. Nimeziacha. Imeniuma kidogo.

Muuzaji anaitwa Saidi. Masharti yake yako kwenye ujumbe: siku saba za kujaribu tangu mzigo ufike. Zikiwa na ubovu, anatengeneza au anabadilisha. Baada ya hapo, hapana. Baba ametuma pesa alipotoka msikitini.

Kaka Shafii alipoona picha: "Profesa katununulia makabati. Tena ya mtumba. Mama, panga sahani." Mama akacheka. Hata mimi ningecheka, kama zingechaguliwa na mtu mwingine.

Nikikosea, katika nyumba hii sitaulizwa tena neno. Najua hivyo.

Jumanne, 15 Julai

Zimefika na boti ya asubuhi kutoka Nyamisati. Nilipotoka shule nilizikuta ukumbini. Boksi moja limebonyea pembe ya juu. Nimelifungua hilo kwanza. Twita ina kibonyeo katikati, kama mtu ameibonyeza kwa kidole. Huenda haina neno. Huenda imekufa. Njia ya kujua ni moja, kuwasha.

Baba akasema tusubiri amalize kola, tuwashe wote pamoja baada ya alasiri.

Kabla ya alasiri tukasikia kilio ukutani. Mzee Jabiri amefariki. Jirani yetu, fundi baiskeli. Nyumba yake na yetu zina ukuta mmoja. Alikuwa anaumwa kifua tangu mfungo.

Mama alitoka bila viatu. Baba alichomoa waya wa ampulifaya, akauviringisha, akauweka kabatini. Kisha akavaa kofia, akaenda.

Jumatano, 16 Julai

Wamemzika saa nne. Sikwenda shule. Nimemenya vitunguu uani kwao pamoja na wanawake mpaka sikujua machozi yapi ni ya nini.

Mtaa mzima hakuna redio. Baba amesema kwetu hakuna muziki mpaka arobaini ipite. Hakushauriana na mtu. Hilo si jambo la kushauriana.

Arobaini ni tarehe 23 Agosti. Siku za kujaribu zinaisha Jumanne ijayo.

Mzee Jabiri alinitengenezea breki mara mbili, akakataa pesa. Amezikwa leo na mimi nahesabu siku za spika. Najichukia. Naendelea kuhesabu.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesoma kwamba mtu anaweza kujaribu spika bila muziki. Betri ndogo ya saa ya ukutani na vipande viwili vya waya. Ukivigusisha nyuma ya spika, ile kubwa ya chini inasogea kidogo.

Nilifanya wakati Baba na kaka Shafii wako msikitini, Mama yuko kwa jirani. Kulia: tup. Kushoto: tup. Zote mbili nzima. Sauti ndogo, kama kugonga mto kwa kidole.

Lakini umeme wa betri haufiki kwenye twita. Kuna kifaa ndani kinauzuia. Nimeshajua kila kitu, isipokuwa kile ninachotaka kujua.

Saa niliirudisha ikiwa nyuma dakika sita. Hakuna aliyeona. Baba karibu achelewe alasiri kwa sababu yangu.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nusura nifanye jambo baya.

Mama na Baba walikuwa kwa jirani kwenye dua. Nilitoa waya kabatini. Nikaunganisha. Nikajiambia: sauti ya chini kabisa, sikio kwenye twita, sekunde kumi tu. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Kidole kikiwa kwenye kitufe cha sauti, nikamsikia Bibi Mwanaisha. Mke wa marehemu. Chumba anachokalia eda kiko upande wa pili wa ukuta. Hakuwa analia. Alikuwa anamwuliza mtu kama baiskeli za watu zimerudishwa. Zile zilizoletwa kutengenezwa. Kuna ya mwalimu, akasema, gurudumu lake liko chini ya kitanda.

Sauti yake ilifika kama yumo ukumbini kwetu. Kama namsikia hivyo, na yeye atanisikia hivyo.

Nikazima. Nikauviringisha waya kama Baba alivyouviringisha. Nilijaribu mara tatu mpaka ukafanana.

Jumapili, 20 Julai

Kaka Shafii ameropoka. Alimweleza mtoto wa marehemu habari ya siku saba, na yule akamweleza mama yake. Alasiri Bibi Mwanaisha akamtuma mjukuu wake hapa. Salamu nyingi. Tuwashe spika zetu, tusipoteze haki yetu, yeye hana kinyongo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mjane wa siku tano anafikiria spika zetu.

"Mnaona?" akasema kaka Shafii. "Mwenye msiba mwenyewe karuhusu."

Baba hakuinua macho kwenye cherehani. "Yeye kasema kwa adabu yake. Sisi tukiwasha, ya kwetu iko wapi?"

"Basi nizipakie kwenye bajaji, tukazijaribu kwa rafiki yangu Kiegeani."

"Zipitishe. Pale mlangoni kwa jirani wamekaa watu mkekani, wametoka kijijini Kanga kuhani msiba. Zipitishe mbele yao, halafu uje unieleze umepata wapi uso."

Kaka Shafii akanigeukia mimi. "Sabufa langu lilikuwa na dhamana ya mwaka mzima, Profesa."

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Nilisoma juu ya kimo, uzito, mbao, nguvu ya umeme. Siku saba niliziona ni nyingi.

Jumatatu, 21 Julai

Imebaki kesho tu. Lazima nimpigie muuzaji nimwombe muda. Nimeandika maneno ya kusema nyuma ya daftari la Kemia. Nimeyasoma mara tisa. Nimepiga, nikakata kabla haijaita. Nikapiga tena. Nikakata.

Siwezi kusema na mtu nisiyemjua. Hata darasani, jibu ninalo, nalisema nikitazama dawati.

Jumanne, 22 Julai

Nimepiga. Saa kumi, nyuma ya banda la kuku.

Nilisoma yote bila kupumua. Shikamoo, naitwa Rukia wa Mafia, spika za kahawia, jirani amefariki, ukuta mmoja, hatujawasha, tunaomba muda mpaka arobaini ipite.

Akacheka kwa pua. "Marahaba. Mdogo wangu, wateja wangu wote hufiwa siku ya saba."

Sikuwa nimeandika jibu la hilo. Nikasema mimi sijafiwa, aliyefiwa ni jirani. Nikasikia jinsi linavyosikika vibaya. Nikasema twita ya kushoto imebonyea, inaweza kuwa nzima, inaweza kuwa mbovu, sijui, na ningejua ningemwambia.

"Ukuta mmoja?"

"Mmoja. Mjane akikohoa tunamsikia."

Nyuma yake mtu alikuwa anabishana bei. Kisha akasema, "Sikiliza. Siku mtakayowasha, nipigie siku hiyohiyo. Ukipiga siku hiyohiyo nakuamini. Ukipiga kesho yake, nitajua mmeshazipeleka harusini."

Nimeahidi. Kaka Shafii anasema ahadi ya mdomo ya Kariakoo ni hewa. Baba aliuliza tu, "Umempigia mwenyewe?" Aliuliza mara mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Spika zimefunikwa kanga ya Mama. Kaka Shafii anaweka kofia yake juu ya moja. Wageni wakiuliza ni nini, anawaambia ni makabati ya Profesa. Zimebaki siku kumi na sita. Naota twita ikiwaka moto. Mtihani wa Fizikia ulikuwa rahisi na sikufurahi.

Jumapili, 24 Agosti

Jana ilisomwa hitima ya arobaini. Leo tumewasha. Sauti ya chini, kwa kuwa Bibi Mwanaisha bado anakaa eda, lakini tumewasha.

Fidla. Baba aliweka mkasi chini. Akakaa mkekani, akafumba macho. Mama alisimama mlangoni na mwiko, mchuzi ukidondoka sakafuni, na hakuufuta. Kaka Shafii alisikiliza nyimbo mbili nzima bila kugusa simu. Kisha akasema mbele ya wote, "Profesa, nimeshindwa. Haya si makabati."

Sijawahi kumsikia akisema ameshindwa.

Twita ya kushoto imekufa.

Nilijua kwenye wimbo wa kwanza. Fidla zote ziko kulia. Kushoto ni kuzito, kama mtu anaimba ndani ya blanketi. Nikasogeza sikio nikijifanya nafuta vumbi. Kimya. Nikabadilisha nyaya, wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Kimya palepale.

Hakuna mwingine aliyegundua. Nilitakiwa nipige simu leo. Simu ya Mama ilikuwa juu ya meza, ina chaji, ina salio. Sikupiga. Kaka Shafii alikuwa anamweleza Mama jinsi nilivyompima Baba sikio, na alikuwa anaeleza kwa kujivuna. Nilitaka hiyo siku moja.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikulala vizuri. Nilimwambia Baba asubuhi kabla ya shule. Akawasha, akainama, akaweka sikio. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umejua tangu jana?"

Ndiyo.

"Ukanyamaza kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Kaka Shafii alikuwa amenisifu. Baba akazima ampulifaya, akarudi kwenye cherehani. Bora angefoka.

Nilipotoka shule nikapiga simu, Baba amesimama kando. Muuzaji alinikumbuka. Swali lake la kwanza: "Mmewasha lini?"

Ningeweza kusema leo. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema jana.

Akashusha pumzi. "Jana ningekutumia twita kwa boti ya kwanza. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Basi, mdogo wangu." Hakukasirika. Alinitakia masomo mema, akakata.

Kaka Shafii nimemwambia mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Nilimaliza nikasubiri. Alinitazama, akaitazama spika. "Arobaini umeziweza," akasema. "Moja ikakushinda."

Hakuniita Profesa. Nilitamani aniite.

Alhamisi, 28 Agosti

Fundi redio wa sokoni amepachika twita nyingine. Ni ya gari. Haifanani na mwenzake. Ya kulia inazungumza taratibu, ya kushoto inachoma, kama shangazi aliyealikwa kwa kuchelewa. Nimeigeuza spika hiyo pembeni kidogo, imepoa. Nasikia tofauti kila wimbo. Baba anasema haisikii. Sijui kama ni kweli.

Jioni mota ya cherehani ilianza kunuka moto. Baba akaizima, akaigusa, akautoa mkono haraka. Kaka Shafii alikuwa pale mlangoni, anakula muhogo. Baba akaniita mimi.

"Hii inakufa. Nitafutie nyingine. Usiharakishe."

Nikasema ndiyo, Baba. Kaka Shafii aliendelea kula.

Nimeanza na maandishi yaliyo ubavuni mwa mota ya zamani. Mengi yamefutika. Nimenakili yanayosomeka.