Karakana Yangu Haina Mafua, Wala Haina Salamu

Mshauri mpendwa, sijazoea kuomba msaada, kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono yangu hii miwili, lakini hili limenishinda, na nikiendelea kulinyamazia litanila.

Nina karakana ya kushona sare za shule, cherehani tisa, zote zangu. Nilianza na moja, tena ya kukodi, chini ya ngazi za jengo la watu, mimi na fundi mmoja aliyenizidi umri ambaye mpaka leo wateja wanamwita Mama Kola, kwa sababu hakuna anayegeuza kola ikalala vizuri kama yeye. Tulikuwa tukipokezana ile cherehani, yeye akishona mimi nakata, mimi nikishona yeye anachemsha chai, namwita dada, ananiita mdogo wangu, na hivyo ndivyo tulivyofika hapa.

Sasa baridi ya mwaka jana homa ya mafua ilituingilia shule zikiwa karibu kufunguliwa, akaanza mpiga pasi, kesho yake mafundi wawili, mwisho wa wiki kati ya cherehani tisa, zilizobaki zikizunguka ni mbili tu, moja ni yangu mwenyewe na nashona huku makamasi yananitiririka, oda za shule mbili zikachelewa, na mkuu wa shule mmoja akaniuliza kwenye simu, nyuma yake nasikia watu wanacheka, "Mama, kwa hiyo watoto wangu wavae mafua?" Neno lile lilinikaa rohoni mwaka mzima.

Nikaapa. Mwaka huu baridi ilipoanza tu nikawasimamisha wote nikawapa masharti: madirisha wazi hata kama mtu anatetemeka, maji na sabuni mlangoni, kila mtu kikombe chake, mkasi wake na utepe wake wa kupimia, hakuna kupeana mikono, hakuna kukaa pamoja kula, kila mtu ale kwenye cherehani yake akitazama mbele, na anayekohoa anarudi nyumbani, kiti chake anakalia fundi wa akiba, maana oda haimsubiri mtu. Nikajitolea kuwa mfano, meza yangu nikaihamishia kwenye chumba cha vitambaa, nikawa nakula humo peke yangu na marobota.

Kitu kimoja tu sikukibadili. Mama Kola macho yake yamechoka, tundu la sindano halioni tena, kwa hiyo kila asubuhi mimi ndiye ninayemtungia uzi, naulainisha ncha kwa midomo, naupitisha, namkabidhi, na hata koo langu lilipoanza kunikereketa kwa lile vumbi la pamba la chumba cha vitambaa, sikuacha kumtungia. Sasa nani atasema nina roho mbaya?

Na mshauri, hesabu zangu hazisemi uongo, hakuna aliyekosa kuja kazini, na sare tulizotoa zilizidi za mwaka jana kwa theluthi nzima. Ila nikaanza kuona ajabu moja, cherehani inanguruma lakini kitambaa hakisogei. Nikachungulia mlangoni. Fundi anakanyaga pedeli mpaka mwisho, anainamisha kichwa, mabega yanaruka, kisha anaachia pedeli, kimya. Kumbe wanakohoa ndani ya mngurumo nisiwasikie! Nikapandwa na hasira, nikasema leo wa kwanza nitakayemkamata ndiye wa kwanza kuondoka, na wa kwanza akawa yeye.

"Dada, unakohoa."

"Vumbi la pamba tu, mdogo wangu."

"Vumbi halipandishi homa. Paji lako linang'aa jasho na madirisha yako wazi. Nenda nyumbani."

"Na kiti changu?"

"Masharti ni ya wote, dada."

Akaifunika cherehani yake taratibu, akazikunja pembe za kile kitambaa moja moja, akasema, "Haya, bosi." Miaka yote hiyo hajawahi kuniita bosi.

Haukupita muda na mimi nikaanguka, homa, mifupa inauma, nikajifungia nyumbani kama masharti yangu yanavyosema. Nyumba nimeijenga mwenyewe, vyumba vinne, watoto wako mbali na kazi zao, nikalala nasikiliza jokofu linavyojiwasha na kujizima. Simu ikalia mara moja, ni mpiga pasi, moyo ukaruka, kumbe anauliza ufunguo wa kabati la nyuzi uko wapi. Nikamwambia, kisha nikajikuta namuuliza, "Hamji hata kuniona?" Akanijibu kwa heshima kabisa, "Bosi, si ulisema mwenye mafua asikaribiwe? Tunakulinda." Na nyuma yake nasikia sahani zinagongana na watu wanaongea kwa pamoja, wamekaa wanakula kama zamani.

Sasa nimerudi. Nikiingia kila mtu anageuka kutazama mbele. Juzi nikiwa koridoni nilimsikia mpiga pasi akisema, "Mimi pasi yangu ikitoa mvuke naogopa, bosi ataiambia ina mafua, irudi nyumbani," wakacheka mpaka wakashika cherehani zao, nikatokea, wakanyamaza kama umeme umekatika. Na mimi mwenyewe nilitaka kucheka, maana ilichekesha, ila sikuwa na mtu wa kucheka naye.

Mama Kola amepona siku nyingi lakini hajarudi. Nilimtuma mpiga pasi akamwite, akarudi na jibu: "Mwambie bosi kiti kina mtu." Kola za huyu fundi wa akiba zinasimama kama masikio ya punda, lakini si kola zinazonikosesha raha. Ni ile asubuhi, mkono wangu unachukua uzi wenyewe, naulainisha, halafu nakumbuka hakuna wa kumtungia.

Nifanye nini? Nikifuta masharti mafua yatarudi na yule mkuu wa shule atacheka tena, nikiyaacha nitabaki mimi, cherehani tisa na madirisha wazi. Dada yangu nimrudishe vipi?

Ni mimi,
Mwenye karakana


MSHAURI ANAJIBU

Mwenye karakana, pole kwa homa. Naona hakuna aliyekupa pole, basi ichukue hii kwangu kabla sijaanza kukugombeza.

Madirisha yaache wazi. Sabuni ibaki mlangoni, vikombe na mikasi kila mtu na vyake. Hapo ulifanya kazi nzuri na asikucheke mtu. Mafua yanasafiri kwa matone ya chafya na kikohozi, kwa hewa iliyofungiwa ndani, kwa viganja vinavyotoka puani na kwenda kwenye meza. Hayasafiri kwa "umeamkaje" inayosemwa kutoka cherehani ya tatu. Wewe ulipofukuza mafua ulifagia na salamu zote humo humo, halafu unashangaa nyumba imekuwa kimya.

Unasema hesabu zako hazisemi uongo. Zimekudanganya mchana kweupe. Ulihesabu waliokuja kazini, hukuwahesabu waliokuja wakiumwa. Mtu ukimwambia akikohoa kiti chake kinakwenda, hujamfundisha kukaa nyumbani, umemfundisha kukanyaga pedeli. Wamekoholeana wiki nzima humo ndani, na wewe uko kwa marobota unafurahia theluthi yako!

Sasa kaa, maana hili litauma. Kila asubuhi uliulainisha uzi kwa midomo yako, ukamkabidhi dada yako, vichwa vyenu viwili juu ya sindano moja, na koo linakukereketa. Mafua mtu anaweza kuyagawa hata kabla hajalala kitandani. Siwezi kuapa kwamba wewe ndiye uliyempa, huenda yeye ndiye aliyekupa, huenda yalitoka kwa mwingine kabisa. Ninachojua ni kwamba wenye koo mlikuwa wawili, wote wawili mkasema ni vumbi la pamba, na akarudishwa nyumbani mmoja. Yeye alikuwa amekaa hapo kila asubuhi, alikuwa analisikia koo lako. Neno "bosi" lilitoka hapo.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinijadili. Kesho waambie mafundi wako kwamba mwenye homa anabaki nyumbani mpaka ipite siku nzima bila homa na bila dawa ya kuituliza, malipo yake hayaguswi, na kiti chake kinamngoja. Fundi wa akiba akalie chako wewe, unazo cherehani tisa na mwenyewe unakaa stoo. Mwenye kikohozi kidogo avae barakoa, akohoe kwenye kiwiko, asijifiche. Chakula kiliwe nje uani, kila mtu na sahani yake, mmeachiana nafasi lakini mnatazamana. Pini zitoke midomoni, kila karakana niliyowahi kuingia mafundi wanaongea na pini midomoni kama meno ya pili. Uzi ukateni ncha kwa mshazari na kuulowanisha kwa maji, kibakuli kidogo kinatosha. Na kabla ya baridi ijayo ulizia chanjo ya mafua kituo cha afya kilicho karibu nawe, wa kwanza kukunja mkono wa blauzi uwe wewe, mbele yao. Mafua hayataisha kabisa, mama. Yatapungua, na mtu akiumwa utajua.

Ila kesho hiyo hiyo, kabla ya kufungua karakana, nenda kwa dada yako. Usimtume mpiga pasi, kwani huyo dada ni kitambaa cha kuagizwa? Nenda na miguu yako, ubishe hodi. Usianze na kola wala oda. Mwambie, "Dada, na mimi nilikuwa nakohoa." Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu.

Asipokuita mdogo wangu siku hiyo, usimdai. Rudi, mtoe mtu kwenye kiti chake, ifunike cherehani yake kama alivyoifunika yeye, pembe moja moja, na pasi ikitoa mvuke cheka na wenzako.

Asubuhi atakayokuja, mtungie uzi. Kwa maji.