Baraza la Nyani

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, shikamoo yako imefika Mkunya salama. Mama yako anamenya muhogo hapa mlangoni, anakusalimu sana.

Unasema mwalimu anataka insha yenye majina ya makundi ya wanyama, nawe umeandika "kundi la nyani" ukakwama. Hata mimi jina hilo liliwahi kuniangusha.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, Maji Maji imekwisha. Ya njaa iliyofuata vita hivyo nayaacha. Nililinda mtama wetu juu ya dungu, na nyani wakija unaita majirani waje na fimbo. Kila siku niliita, "Kundi la nyani!" hadi majirani wakanizoea, hawaji tena.

Siku moja nikawatazama nyani vizuri. Wameketi duara, dume kubwa katikati, wote wanatafuna. Nikapaza sauti, "Baraza la nyani limekaa, jumbe wao anakata kesi!"

Majirani wakaja mbio kuliona baraza hilo, mtama ukapona. Kwa hiyo watazame kwanza nyani wako wanafanya nini, ndipo uwape jina.

Jumbe wetu mwenyewe, mkali yule, alifika wa mwisho akihema. Nikajificha nyuma ya dungu. Akauliza, "Mwenzangu kaamuaje?"

Bibi yako