Boti Iliyokuwa Ikiruka Songo Mnara

Ankara, Uturuki

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute mzima, na mguu wa Baba uwe umepungua uvimbe. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi ya huku inapasua midomo, na kufuturu peke yangu nimeshindwa kuzoea.

Uliniuliza kwenye simu nafanya kazi gani hasa, nikakujibu juu juu. Mama, tangu dada Zuhura atufie hapo Songo Mnara na uchungu wa kujifungua, boti ya zahanati isitokee kwa kuwa haikuwa zamu yetu, natafuta ratiba itakayofikisha boti hiyo kila kijiji.

Kompyuta inatunga ratiba nyingi. Zilizo bora zinachanganywa, zinazaa nyingine, na baadhi ya hizo changa zinabadilishwa kidogo kwa kubahatisha, kama mtoto anavyozaliwa na alama ambayo wazazi wake hawana. Badiliko hilo tunaliita mutesheni. Bila hilo ratiba zote huishia kufanana, na njia mpya haipatikani. Lakini mutesheni yangu ilikuwa inafuta kijiji na kuandika kingine mahali pake. Kilwa Kisiwani ikatokea mara mbili. Songo Mnara haimo.

Profesa wangu akaitazama. "Kijiji kimoja kidogo. Kiache tu, njia itakuwa fupi."

"Dada yangu alifia hapo," nikamwambia.

Akavuta kiti. "Samahani, binti. Hebu nieleze, mutesheni yako inafanya nini?"

Nilipokuwa namweleza, nikaliona kosa. Nikaiandika upya: vijiji viwili vibadilishane nafasi tu, kisifutwe hata kimoja. Nikiizidisha, ratiba zilivurugika. Nikiipunguza mno, ziliganda. Ikanichukua miezi, ila ilikubali.

Wakubwa wa afya wilayani wanaijaribu sasa. Juzi shemeji Hamisi aliniandikia kwamba boti imefika na wajawazito wamepimwa. Nilifurahi, Mama, kisha nikalia hadi jirani akagonga mlango. Shemeji anasema yeye alishindwa kushuka pwani kuiona. Msimlazimishe. Boti ikija tena, mbebe wewe mtoto wa marehemu, umpeleke akachanjwe.

Nisalimie Baba, shangazi anayeniombea kila Ijumaa, na Bi Somoe, mkunga wetu. Mwambie hakukosea kitu siku ile. Mikono yake ilifanya yote iliyoweza.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa