Usilisubiri Gari la Masanja

Nairobi, Jumapili, Agosti 1987

Mke wangu Mama Aisha,

Miezi saba imepita tangu nivuke Horohoro, na mimba yako sasa ina miezi minane, maana uliniambia siku ile ile nilipokuwa nafunga mzigo. Barua yako nimeipata. Unasema Aisha anakimbia huku na huku, na kwamba sabuni sasa zimejaa madukani Pangani. Nilifurahi mpaka nikafika pale unaposema huna haja ya kwenda mjini mapema, uchungu ukianza Masanja atakupeleka na gari lake, "kama kwa Aisha."

Hapo nikaikunja barua. Tangu siku hiyo nabeba mawe na moyo haumo kazini.

Siku ile wewe ulikuwa umefumba macho. Ngoja nikwambie nilichokiona mimi.

Tulitoka Mkwaja jua la mchana likiwaka. Ulikaa mbele, kati ya Masanja na mlango, nami nimechuchumaa chini miguuni pako. Rejeta ilikuwa inavuja, na mwaka ule hata kipande cha sabuni cha kuzibia tundu hakikupatikana, sembuse rejeta nyingine. Masanja alikuwa na njia yake: anawasha hita. Huku Nairobi watu huwasha hita wapate joto. Yeye aliiwasha kuiokoa injini, kwa sababu feni ya hita huvuta joto la injini na kulimwaga ndani kwa abiria. Moto ule ulikupiga wewe miguuni, na uchungu umeshakushika.

Nikamwambia azime. Ukanifokea: "Wacha iwake! Likisimama hapa porini ndiyo mtanizika."

Masanja, Mnyamwezi yule, hakuona haya hata kidogo. "Babu zangu walibeba pembe za ndovu, mimi leo nimebebeshwa Mzigua! Afadhali pembe, hazipigi kelele."

"Nyamaza, mpagazi wewe! Endesha!"

"Naendesha, mtani. Ila ukizalia humu, mtoto wangu."

Ukacheka, ukalia, ukacheka tena. Nadhani utani ule ndio uliokushikilia.

Tulipopita Kipumbwi feni ikanyamaza. Wewe ulishukuru, nakumbuka, ulisema "Alhamdulillahi, kumepoa." Mimi nilikuwa natazama mshale wa joto ukipanda. Maji ya akiba yalikuwa yamekwisha. Masanja aliacha utani. Akanyoosha kidole chini ya dashibodi, akasema taratibu, usisikie: "Tazama swichi. Gari sisimamishi. Likizimika limechemka hivi, haliwaki tena leo."

Nikaanza na fyuzi. Nzima. Nikaibonyeza swichi, nikaitikisa, nikaigonga kwa ngumi. Kimya. Nikachukua kile kibalbu chake cha kupimia umeme, nikagusa waya unaoingia kwenye swichi: kikawaka. Nikagusa unaotoka: giza. Basi feni ilikuwa nzima, iliyokufa ni swichi. Nikazichomoa nyaya zote mbili nikazishikanisha, na feni ikalia. Ukanipiga teke la bega. "Umeniwashia tena moto!"

Kuzifunga sikuweza. Nyaya zilikuwa zimekakamaa, barabara ni matuta matupu, kila tukiruka zinaachana. Wala utepe wa kufungia hatukuwa nao. Nikachana pindo la kanga yako, nikalizungushia vidole, nikazishika kwa mkono. Zikaanza kupata moto. Mpira wake ukawa unalainika vidoleni mwangu, na Masanja ananiambia, "Zisiguse bati. Zikigusa bati fyuzi imekwenda, na nyingine sina." Na wewe kila uchungu ukija unaubana mguu begani kwangu, mkono wangu unasogea kwenye bati. Nilizishika hivyo mpaka Bweni. Harufu ya kuungua uliyoilalamikia haikuwa mpira peke yake.

Pantoni lilikuwa upande wetu. Tulizima gari tukiwa juu yake, likatema mvuke kama sufuria, na ng'ambo wakalisukuma kwa mikono. Lingekuwa ng'ambo ya Pangani, Mama Aisha, nisingekuwa na mke wala Aisha. Mkunga aliniambia hivyo hivyo, nami nikakuficha, ili usiogope mimba nyingine.

Juzi gari la msimamizi wetu liliharibika swichi ya hita, wenzangu wanatetemeka kwa baridi, wakaniita. Nilitengeneza. Lakini nyaya nilizizungushia utepe mara nne, mpaka wakanicheka.

Masanja ni mtu mwema, simsemi vibaya. Gari lake nalijua. Ukishaisoma barua hii, mwambie kaka yako akuvushe, uende kwa dada yako Usagara, pale Tanga mjini, ukae huko mpaka ujifungue. Mama akisema mimba si ugonjwa, mwambie mumeo amekataa, lawama zije kwangu. Mtani wako mwambie umechoka na maneno yake. Atacheka.

Msimamizi nimemwomba ruhusa mara mbili, amekataa. Sitamwomba tena. Zege ya ghorofa ya juu tunamaliza wiki ijayo, nami Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu nitashuka Tanga na kwenda moja kwa moja Usagara. Nikipiga hodi, uitikie wewe mwenyewe.

Mumeo,
Baba Aisha