Izimeni Picha ya Mama Swichi

Mwaka umetimia tangu ututoke, mama yetu, na tulitaka kukuandikia maneno ya upole kama familia nyingine zinavyofanya. Tumejaribu. Mumeo alikaa mezani na karatasi mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Upole hauji." Basi utatusamehe, na wanaosoma gazeti hili watatusamehe pia. Tuna hasira.

Tuanze na wewe, maana hukuwa mtu wa kununa ukiambiwa ukweli. Ulituficha ugonjwa. Kifua kilikubana wiki nzima, nawe ukashikilia kwamba ni vumbi la unga. Kila tulipokwambia nenda hospitali, ulijibu kwamba una miadi na wasaga unga, na kwamba ukiwaangusha wale mara moja hawatakuamini tena. Miadi yao ukaitimiza, yetu ukaivunja. Hilo bado linatuuma, na hatutajifanya limepoa.

Ulikuwa injinia wa shirika la umeme, kwenye kitengo kidogo cha matumizi bora: wewe na mafundi wawili katika chumba cha nyuma, karibu na stoo ya nyaya. Wenzako walijenga mitambo, wakakata utepe, wakapigwa picha. Wewe ulipita mitaani ukishika mota kwa kiganja, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Mota ikiwa ya moto, ulimwita mwenye mashine. "Hebu shika hapa. Huu wote ni umeme, na hausagi chochote." Kila ulikokwenda ulisema jambo lile lile: "Umeme tunao. Tunaumwaga."

Nyumbani nako hatukupona. Ulizima feni mtu akiwa bado hajainuka vizuri kitini. Friji haikufunguliwa na mtu asiyejua anachokitafuta. Mama mkwe wako ulimpangia siku ya kupiga pasi, naye akautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ameoa askari magereza. Lakini jirani alipokucheka kwamba wewe ni bahili, ni mama mkwe huyo huyo aliyetoka nje, mikono kiunoni, akamwambia, "Mkwe wangu nitamsema mimi. Wewe umekuwa nani?"

Kazi yako kubwa ilikuwa mtaa wa mashine, na wasioujua tuwaeleze. Mtaa ule una mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea, wapasua mbao, wauza barafu na zahanati moja, na wote wanategemea transfoma moja. Kila jioni waliwasha kwa pamoja, nyumba nazo zikiwasha taa na majiko. Transfoma inazidiwa, mtaa mzima giza. Muuguzi wa zahanati alikuwa akikimbia na sanduku la chanjo kutafuta friji kwenye mtaa mwingine. Watu wakadai transfoma ya pili, shirika likawaambia wasubiri. Wewe hukusubiri. Ulikaa nao juu ya magunia, ukawabadilishia mikanda iliyolegea na mota zilizochoka, kisha ukawaomba lililo gumu kuliko yote: zamu. Wauza barafu alfajiri, wachomeleaji na wapasua mbao asubuhi, wasaga unga mchana, na jioni wote wazime ili nyumba zipike na zahanati ipumue.

Msaga unga mkubwa wa mtaa, yule wanayemwita Pumba, alikutolea macho. "Mama Swichi, nikizima mimi na jirani yangu asizime, nitakuwa zuzu wa mtaa."

"Basi mtazima mkitazamana," ukamjibu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni walisimama milangoni mwao, kila mmoja mkono kwenye swichi, wakatazamana, wakazima kwa pamoja. Hawakuwekewa mgambo wala faini. Taa za nyumba zikaacha kufifia, na chanjo zikakaa kwenye friji ya zahanati.

Ukafa. Shirika likaja msibani na magari mengi, likalia kuliko sisi. Mkurugenzi alimshika mumeo mkono, akaahidi kwamba watakuenzi. Wakaomba picha yako, ile unayocheka mpaka mwanya unaonekana, tukawapa kwa roho safi. Hatukujua tunawapa nini.

Hatujamaliza hata kupokea rambirambi, wakakifunga kitengo chako. Mafundi wako wakapelekwa kusoma mita. Halafu ikaja hiyo heshima yao: skrini kubwa kama ukuta wa nyumba, juu ya nguzo, katikati ya mtaa wa mashine, imeungwa kwenye transfoma ile ile. Ndani yake unacheka, unapotea, unarudi, na maandishi yanakuzunguka: "Tumia umeme kwa busara." Inawaka asubuhi, inawaka mchana jua likiwa utosini, inawaka jioni. Na kwa kuwa waliona haionekani vya kutosha, wameizungushia taa kali. Mama, wameweka taa za kumulika taa.

Jioni ya kwanza watu walitoka milangoni kama kawaida, mkono kwenye swichi. Wakatazamana, kisha wakakutazama wewe huko juu. Ulikuwa unawaka. Pumba alingoja, akangoja, halafu akasema, na alisema kwa huzuni wala si kwa ubishi, "Mwenyewe hazimi. Sisi tuzime kwa ajili ya nani?" Akarudi ndani, akawasha mashine. Wengine wakafuata.

Hivyo ndivyo zamu ilivyokufa. Asije mtu kutuambia kwamba watu wa mtaa hawaelimiki. Walielimika, wakaweka ahadi, wakaitunza, na lililoivunja ni shirika lako mwenyewe, kwa kutumia uso wako. Sasa transfoma inazidiwa jioni baada ya jioni, muuguzi amerudi kukimbia na sanduku lake, na skrini, mama, skrini imepewa jenereta. Mtaa ukiingia giza, nyumba giza, zahanati giza, wewe peke yako uko juu unacheka. Kuna mzazi aliyepita pale na mtoto mgonjwa mgongoni, akakutazama, akatema mate chini. Hatumlaumu hata kidogo.

Binti yako wa kwanza alikwenda kumwona mkurugenzi. Alikuta kiyoyozi kinanguruma na dirisha liko wazi.

"Tunaomba skrini izimwe jioni tu," alimwambia. "Watu wakiiona imezimwa, nao watazima."

"Binti yangu, ile ni heshima kwa mama yako."

"Ile imevunja kazi ya mama yangu."

"Usiseme hivyo. Watu wanapita pale, wanajifunza."

"Wanajifunza nini, mzee? Zahanati haina umeme."

Mkurugenzi akacheka kidogo. Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamsifu kwa kufanana na wewe, kisha akampa habari njema: siku ya kumbukumbu yako watazindua skrini ya pili, ng'ambo ya barabara, ili uonekane pande zote. Binti yako alitoka bila kuaga. Unajua ulivyomlea, kwa hiyo unajua alikuwa amefika wapi.

Sasa tunakwambia wewe, na anayehusika asikie. Picha ile ni yetu. Tuliitoa sisi, na leo tunaitwaa. Tumealikwa jioni hii kwenye uzinduzi, viti vya mbele, na tutafika, ila hatutakaa. Swichi ya skrini zote mbili waliifunga juu ya nguzo ile ya kwanza ili mtu yeyote asiiguse. Mumeo, ambaye tangu ufe hakuwa ameshika randa yake ya useremala, ameingia karakanani akaunda ngazi. Fundi wako mrefu, aliyekuwa akikubebea mkoba wa vifaa, amekubali kupanda, na kama ni kumwaga unga amesema na umwagike, atakwenda kusuka nyaya za mota kwa Pumba. Mama mkwe wako, ambaye magoti hayamruhusu hata kupanda kizingiti, amesema ngazi ataishika yeye, na askari akija aanze na yeye.

Watu wa mtaa wa mashine tumewaomba jambo moja tu. Wasimame milangoni mwao, mkono kwenye swichi, wakutazame. Jioni hii, Mama Swichi, utakayezima wa kwanza ni wewe.

Wanaokukumbuka kwa mapenzi na kwa hasira ni mumeo, seremala wako. Mama mkwe wako. Binti yako wa kwanza na pacha wanaomfuata. Kaka yako na dada zako. Wifi zako, hata yule mliyegombania naye feni. Na mafundi wako wawili, ambao sasa ni ndugu wa nyumba hii.

Hutatoka mioyoni mwetu siku zote za maisha yetu, wala hatuhitaji taa ili kukuona.