Kiungo Kipya cha Bingwa

Shoga, acha kila kitu usome!

Yule Bingwa wetu wa maabara leo kajaza wageni ukumbini. Kompyuta yake imeunda umbo zima la seli kutokana na picha za hadubini, na ndani eti kagundua kiungo ambacho dunia haijawahi kukiona. Dunia nzima, shoga!

Bosi akamuuliza kwa upole, "Mbona kiko pembe ileile kwenye kila picha?"

Kila picha! Pembe ileile!

Bingwa akaifuta lenzi, akapiga picha nyingine mbele yetu. Kiungo hakipo. Kumbe vumbi!

Jasho lilivyomtoka, nikamhurumia. Kidogo tu.

Sasa sikia: kiungo chenyewe alikipa jina la mkewe, naye mama wa watu kaketi safu ya mbele.

Akasimama. "Kwa hiyo mume wangu, ndiyo umenifuta hivyo mbele za watu?"